Mjomba, serikali ya Marekani hainiajiri: kosa langu ni lipi?

Mjomba shikamoo,

Mimi ni kijana wa miaka 33, naishi Ohio na mke wangu na watoto wetu wawili. Nilikuja Marekani nikitokea Mwanza kwa bahati nasibu ya green card, nikiwa na miaka 24. Nyumbani nilisoma shahada ya uhasibu, nikatoka na GPA ya 3.8, nikafanya kazi mwaka mmoja na kitu kwenye idara ya fedha ya hospitali moja ya misheni. Huku nilianzia walikoanzia wengi, kubeba boksi. Ghala nililokuwa nafanya kazi lilinifukuza miaka mitatu na nusu iliyopita kwa sababu ya kuchelewa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mgonjwa na gari ni moja. Baada ya hapo nikabahatika kupata kazi ya hesabu kwenye kampuni ndogo ya malori, na ndipo nilipo hadi leo.

Mwaka jana niliapishwa kuwa raia. Jioni yake nikafungua akaunti USAJOBS, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Nataka kazi ya serikali ya shirikisho: bima ya familia, pensheni, likizo ya malipo, nisiishi roho juu kila tajiri anapouza lori. Nimeomba nafasi za uhasibu, za kodi, za bajeti, hata za ukarani. Majibu ni yaleyale. Ombi limepokelewa, halafu baada ya wiki kadhaa ujumbe kwamba sina sifa zinazotakiwa, au jina langu halikupelekwa kwa meneja anayeajiri. Mara moja tu lilipelekwa. Tulifurahi nyumba nzima. Miezi ikapita, hakuna aliyenipigia simu, mwisho nikaandikiwa kwamba kachaguliwa mwingine.

Mjomba, mimi ni mhasibu kweli. Kila wiki mbili naandaa mishahara ya madereva 40. Nafanya usuluhisho wa benki kila mwezi, kila robo mwaka naandaa ripoti ya kodi ya mafuta ya malori kwa kila jimbo tulilopita. Tena ni mweka hazina wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa mjini, na hakuna aliyewahi kulalamika. Inakuwaje niambiwe sina sifa za daraja la mshahara la GS-7?

Nikiuliza watu, kila mmoja ana lake. Rafiki yangu Mkenya anasema nafasi zile zina wenyewe: tangazo linawekwa kutimiza sheria huku mtu wao yupo tayari, na zinazobaki wanapewa waliotoka jeshini. Mwingine anasema kwenye dodoso la maombi jibu kila swali kwamba wewe ni bingwa wa kufundisha wengine, la sivyo kompyuta inakutupa. Kuna jamaa anataka dola 800 aniandikie CV "itakayopita". Nilipomuuliza ataandika nini, akasema uzoefu si kitu, atanitengenezea.

Halafu kuna mambo yananinyima usingizi hata kama nikipata. Fomu moja inauliza kama nilijiandikisha Selective Service. Mimi sikumbuki kujiandikisha popote. Inauliza pia kama nimewahi kufukuzwa kazi. Na wanasema wanachunguza mtu hadi nyumbani: mimi kila mwezi namtumia mama hela, na marehemu baba aliniachia shamba Sengerema. Je, hayo yataniharibia?

Mke wangu anasema niachane nao, tena tangu 2025 serikali inapunguza watu badala ya kuajiri. Yeye bado ana green card, angependa kujua kama kuna nafasi yoyote ya serikali anayoweza kuomba.

Nimekuambatanishia CV yangu, nyaraka na orodha ya maombi niliyotuma, na tangazo moja nililokataliwa. Niambie ukweli, niendelee au niache?

Mpwa wako,
Mhasibu wa Malori, Ohio

Marahaba mpwa wangu.

CV yako nimeisoma, na tangazo nimelisoma mara mbili. Waliotoka jeshini wapo, na hao "wenyewe" wa nafasi wapo, nitawafikia. Lakini kwa karatasi hizi, hata ungeomba peke yako usingepita. Usinune. Afadhali hivyo kuliko tatizo lingekuwa kwenye uhasibu wako.

Kwanza uondoe hiyo picha ya kompyuta inayotupa watu. Dodoso linapigiwa alama na mfumo, ni kweli, lakini mwisho wa siku yupo afisa utumishi anayesoma. Mara nyingi yeye si mhasibu. Ana tangazo upande mmoja wa skrini na CV yako upande wa pili, anatafuta kama kila kinachodaiwa huku kimeandikwa kule. Haruhusiwi kukisia. Hawezi kujisemea "huyu mhasibu bwana, usuluhisho wa benki lazima anaujua." Kama hukuandika, hujui. Sisi tumelelewa kwamba mtu hajisifu, anasubiri wenzake wamsifie; ni malezi mazuri, ila kwenye karatasi hii yatakumaliza.

Sasa tuifungue. Ukurasa wa kwanza kuna picha yako umevaa suti, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na jina la mchungaji wako kama mdhamini. Hiyo ni CV ya kuombea kazi Mwanza. USAJOBS wenyewe wanasema usiweke picha, umri, jinsia wala dini. Na nafasi huna ya kuchezea: tangu Septemba 27, 2025 CV kwenye mfumo ule haizidi kurasa mbili. Yako ina tano. Najua ulikotoa ushauri wa kuandika gazeti zima, zamani ndivyo tulivyowaambia watu, na ndivyo ilivyokuwa inatakiwa. Umeshakufa huo ushauri, lakini bado unazunguka WhatsApp.

Kilichonisikitisha zaidi kipo ukurasa wa pili. Ghala umelipatia mistari sita, hadi uzito wa boksi na aina ya foklifti. Malori umeandika hivi: "2022 hadi sasa, mhasibu, kusimamia mahesabu yote ya kampuni na kazi nyingine nitakazopangiwa." Mstari mmoja! Kwenye barua yako kwangu umeeleza kazi vizuri kuliko kwenye CV. Afisa akiutazama mstari huo hajui mwezi ulioanza, hajui unafanya saa ngapi kwa wiki, hajui "mahesabu yote" ni kupanga risiti kwenye boksi la viatu au ni leja kuu. Na tangazo lako linadai mwaka mzima wa uzoefu wa kiwango cha GS-5. Asipoona miezi na saa, huo mwaka hawezi kuuhesabu, na asipouhesabu anabonyeza kitufe cha kutokuwa na sifa. Hakukuonea.

Andika kitu cha namna hii, kwa namba zako za kweli: Agosti 2022 hadi sasa, saa 40 kwa wiki. Naandaa mishahara ya madereva 40 kila wiki mbili. Nakagua karatasi za safari, nakokotoa makato ya kodi, nasahihisha tofauti kabla malipo hayajatoka. Kila mwezi nalinganisha taarifa ya benki na leja kuu, natafuta chanzo cha kila tofauti na kuandika ingizo la marekebisho. Kila robo mwaka naandaa ripoti ya kodi ya mafuta ya IFTA, nikilinganisha maili za kila jimbo na risiti za mafuta. Halafu useme kilichotokea kwa sababu yako: malipo yaliyorudiwa mara mbili ukayanasa, au ripoti iliyokuwa inachelewa sasa inatoka kwa wakati. Kama kilitokea, lakini.

Ukimaliza, chukua tangazo, upigie mstari kila kitendo kwenye sehemu ya sifa: kulinganisha akaunti, kukagua hati za malipo, kuandaa ripoti. Kila kimoja kitafute kwenye CV yako. Ambacho hakipo na umewahi kukifanya, kiandike. Ambacho hujawahi kukifanya, kiache. Zikiwa nyingi mno ambazo hujazifanya, tangazo hilo si lako, lipite. Mimi ningependa uombe nafasi chache kwa mwezi, kila moja umeipangia CV yake, kuliko kurusha CV moja kwa kila kinachong'aa. Umeomba uhasibu, kodi, bajeti na ukarani kwa karatasi ileile, ndugu yangu, nani atakuelewa?

Na uweka hazina wa jumuiya umeuficha kwa nini? Matangazo haya yanasema wazi kwamba uzoefu wa kujitolea unahesabika sawa na wa kulipwa. Kama unatumia saa tano kwa wiki kukusanya michango ya msiba, kutunza daftari na kusoma taarifa ya fedha mbele ya mkutano, andika saa tano kwa wiki. Kila anayejua mkutano wa jumuiya unaofika kwenye ajenda ya fedha anajua hiyo si kazi ndogo.

Tuje kwenye shahada, maana hapo ndipo naona ombi lako lilipofia hasa. Nafasi ya mhasibu, ile yenye namba 0510, ina sharti la msingi kabla hata ya kuulizwa uzoefu: shahada ya uhasibu, au shahada inayokaribiana nayo yenye saa 24 za muhula (ndivyo vyuo vya huku vinavyopima uzito wa masomo) za masomo ya uhasibu. Wewe umeambatanisha cheti chako na matokeo kutoka chuoni, basi. Afisa wa Marekani hawezi kujua masomo yako ni sawa na saa ngapi za huku. Tangazo lako, kwenye nyaraka zinazotakiwa, linasema aliyesoma nje alete tathmini kutoka shirika linalotambulika. Nenda kwenye orodha ya wanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya tathmini hizo, WES ni mmojawapo, uombe tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla inayosema tu "ni sawa na shahada ya Marekani" ni rahisi zaidi, lakini haionyeshi saa 24, kwa hiyo haitakusaidia. Chuo chako kitahitaji kupeleka matokeo moja kwa moja, na vyuo vyetu unavijua, kwa hiyo mtafute mtu wa kufuatilia ofisi ya usajili mapema. Hakikisha na jina: kwenye cheti una majina matatu, kwenye cheti chako cha uraia naona mawili. Weka maelezo au nyaraka ya kuunganisha, asije mtu akadhani ni watu wawili.

Kuna jambo la GPA. Umeandika 3.8 bila neno lingine. Huku wanasoma kwa kipimo cha 4, na 3.8 kwao ni karibu na kilele. Yako ni ya kipimo cha 5, ni daraja la pili la juu. Ni nzuri, hakuna wa kuibeza, ila si hiyo wanayoidhani, na ukiiacha hivyo siku ya ukaguzi itaonekana umedanganya. Andika 3.8 kati ya 5.0, kisha tumia GPA itakayotolewa na tathmini. Ikitoka 3.0 au zaidi, kuna kanuni ya ufaulu wa juu inayomruhusu mwenye shahada ya kwanza kuanzia GS-7 bila kuonyesha ule mwaka wa uzoefu. Ikitoka chini yake, shahada yako inakupa GS-5, na GS-7 utaipata kwa kazi ya malori. Yaani unaweza kuwa na milango miwili, na hadi sasa hujagonga hata mmoja sawasawa.

Wakati tathmini inasubiriwa, angalia namba 0525, wasaidizi wa uhasibu. Hiyo haidai shahada, inadai uzoefu, na wewe unao. Idara ya Ulinzi ina shirika lake la fedha, DFAS, lenye ofisi Columbus, Cleveland na Indianapolis, kwa hiyo kazi za namna hii kwa upande wako wa nchi si ngeni. Ingia ndani kwa GS-5 au GS-6, baada ya hapo utaona hata yale matangazo ya wafanyakazi wa ndani yaliyokuwa yanakukatalia.

Ndiyo, rafiki yako Mkenya ana nusu ya ukweli. Juu ya kila tangazo kuna sehemu inayosema nani anaruhusiwa kuomba. Ukikuta ni wafanyakazi wa shirikisho tu, wewe usipoteze usiku wako. Tafuta lililo wazi kwa umma. Naona kati ya maombi uliyonitajia yapo uliyotuma kwa matangazo ya ndani, na hayo yalikuwa yamekufa kabla hujabonyeza. Pia wapo mameneja wenye mtu wao moyoni, sitakudanganya, nimekaa ofisi ya utumishi hadi nikastaafu na nimeyaona. Lakini wengi wa waliokuwa wanalalamika kwamba kazi zina wenyewe, ukisoma karatasi zao unakuta zinafanana na zako.

Kuhusu waliotoka jeshini, hiyo si fitina, ni sheria tangu 1944. Waombaji wakishapangwa kwenye makundi, mwenye haki hiyo anatangulizwa mbele ya wengine wa kundi lake. Na aliyepata ulemavu jeshini wa kiwango cha asilimia 10 kwenda juu, akiwa tu na sifa za msingi, anapandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwa nafasi za kitaaluma za GS-9 na kuendelea. Kwenye GS-7 yako atakupita, na meneja hawezi kumruka hivihivi. Ile mara moja jina lako lilipopelekwa ukakosa, yawezekana ni hilo. Lipo upande wako jambo moja: tangazo likisema ni la kuajiri moja kwa moja, upendeleo huo na upangaji wa makundi havitumiki. Hayo yakitokea yaombe siku ya kwanza, kwa sababu mengi yanafungwa yakifikisha idadi fulani ya waombaji, hata kama tarehe ya mwisho bado. Weka utafutaji wako uhifadhiwe kwenye akaunti, uletewe matangazo mapya kwa barua pepe kila siku.

Dodoso. Usijiite bingwa kwa kila swali. Ni kweli kwamba anayejishusha mno anajitoa mwenyewe, na nimewaona wahasibu wa miaka kumi wakijiandika kwamba wanahitaji msimamizi. Jibu juu pale ambapo CV yako ina mstari wa kulithibitisha. Pasipo na mstari, afisa ana ruhusa ya kukushusha alama au kukuondoa kabisa. Tangu sheria ya Desemba 2024 ya kupima watu kwa ujuzi, mashirika yanazidi kusukumwa yaachane na kujipima mwenyewe na kuweka mitihani au mahojiano ya wataalamu wa fani. Bingwa wa karatasi atakutana na mhasibu wa kweli mezani.

Yule wa dola 800 mwambie asante, na usimpe hata namba yako ya Social Security. Kuomba kazi USAJOBS ni bure. Uzoefu wa kutengeneza utausaini wewe, si yeye: kabla ya kuanza kazi utapewa fomu ya tamko, OF-306, unayoweka sahihi kwamba yote uliyoandika kwenye maombi ni kweli. Kuidanganya serikali ya shirikisho ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka mitano.

Na fomu hiyohiyo ndiyo yenye maswali yanayokunyima usingizi. La kufukuzwa kazi linaangalia miaka mitano ya nyuma, kwa hiyo ghala lako limo. Jibu ndiyo, weka tarehe, andika kwa sentensi mbili kilichotokea na kwamba tangu hapo una kazi moja bila tatizo la mahudhurio. Mtu aliyefukuzwa kwa kuchelewa anaajiriwa. Anayeondolewa ni aliyeandika hapana halafu ghala likapigiwa simu.

Selective Service ndiyo inayonipa wasiwasi kidogo, hapa nisikilize kwa makini. Ni orodha ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini ikitokea haja. Mwanamume mhamiaji aliyeingia nchini kabla ya kutimiza miaka 26 anatakiwa kujiandikisha, na green card haimpi msamaha. Wewe uliingia na 24, inakuhusu. Ambaye hakujiandikisha anaweza kunyimwa kazi ya shirikisho, na baada ya kutimiza 26 hawapokei tena jina. Lakini usianze kulia. Wahamiaji wengi wa rika lako waliandikishwa bila wao kujua wakati makaratasi yao ya uhamiaji yanashughulikiwa, na majimbo mengi huandikisha watu wanapochukua leseni ya udereva. Ingia tovuti ya Selective Service, weka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security, uone. Ukikuta jina lako lipo, chapisha uthibitisho, hadithi imeisha.

Usipolikuta, waombe barua ya hali yako, kisha uandike maelezo ya kwa nini hukujiandikisha, uyaambatanishe. Shirika linaloajiri linapima kama ulikwepa kwa kujua na kwa makusudi. Kijana aliyeingia na 24, hakuna aliyemwambia, alikuwa anabeba boksi zamu ya usiku: hayo ni maelezo yanayosikilizika, ukiyaandika kwa ukweli na bila mapambo. Ila ufanye jambo moja kabla hujaandika neno lolote. Ulipojaza N-400 ya kuomba uraia uliulizwa swali hilohilo. Mtu akikujazia fomu, kama wengi wanavyojaziwa, unaweza usikumbuke lilijibiwaje. Itafute nakala yako. Majibu ya fomu mbili za serikali moja lazima yakubaliane, na ukikuta N-400 ina jibu lisilo la kweli, tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kuendelea na maombi. Hapo usinisikilize mimi, msikilize yeye.

Hela za mama hazina shida. Fomu ya uchunguzi inategemea nafasi: kuna SF-85 kwa nafasi za kawaida, SF-85P kwa nafasi za dhamana ya umma, na SF-86 kwa zinazogusa usalama wa taifa. Hiyo ya mwisho inauliza ndugu walio nje, safari za nje, mali ya nje na kama umewahi kumsaidia kifedha asiye raia. Mama umtaje, hela uzitaje, shamba la Sengerema ulitaje na thamani yake kwa makadirio. Wachunguzi wanajua watoto wa Kiafrika wanatunza wazazi. Wanachotafuta ni mtu anayeficha, au mwenye madeni yanayoweza kumfanya anunuliwe. Kwa hiyo zaidi ya shamba, mimi ningekuuliza kodi zako za Marekani zikoje. Kama kuna mwaka hukuwasilisha, au una deni la kodi lisilo na mpango wa kulilipa, hilo lishughulikie mwezi huu.

Mke wako hajakosea kuhusu hali ya soko. Januari 20, 2025 ajira zilisimamishwa, amri ikaongezwa muda mara mbili, na Oktoba ikabadilishwa kuwa utaratibu wa kamati zinazopitisha kila nafasi kabla haijatangazwa. Kutoka wafanyakazi wapatao milioni 2.4, mwaka huo ulimalizika na kama milioni 2.1. Waliotangulia kuondolewa Februari walikuwa wale walio kwenye mwaka wa majaribio, yaani hasa watu wapya kama utakavyokuwa wewe, na sasa shirika lazima lithibitishe kwa maandishi kwamba linakuhitaji ndipo majaribio yaishe. Kisha Oktoba na Novemba serikali ikafungwa siku 43, watu wakisubiri mshahara. Ile kazi ya "uhakika" waliyokusimulia wakubwa zako haipo tena kama walivyoikuta. Bima bado nzuri, pensheni bado ipo ingawa unakatwa asilimia 4.4 na unahitaji miaka mitano ili haki yake iwe yako. Zamani ningekwambia pia Kiswahili chako kinaweza kukupeleka Sauti ya Amerika, lakini Machi 2025 huko nako wafanyakazi waliambiwa wakae nyumbani.

Kwa hiyo endelea, ila usiweke mayai yote huko. Jimbo la Ohio, kaunti yako, shule za wilaya na jiji wote wanaajiri wahasibu, wana pensheni, na maombi yao hayana mlolongo huu. Mwaka mmoja wa kulinganisha akaunti za kaunti ni uzoefu utakaosomeka vizuri sana kwa afisa wa shirikisho baadaye. Ningekuwa wewe ningeanzia huko.

Mama watoto mwambie kazi nyingi za shirikisho ni za raia tu, amri ya rais ya 1976 ndiyo iliyoweka hivyo. Posta ni tofauti. USPS inaajiri wenye green card, ina tovuti yake, na kwa kazi za kusambaza barua na kuchambua vifurushi atafanya mtihani mfupi wa mtandaoni. Akiapishwa, mlango uliobaki utakuwa wazi.

Ukianza kuitwa, ujue lengo la serikali ni kuajiri ndani ya siku 80 na mara nyingi inazidi. Barua ya kwanza ya pongezi ni ofa ya masharti; uchunguzi na nyaraka bado, na inaweza kufutwa. Tajiri wa malori usimwage kwa barua hiyo. Subiri ofa ya mwisho yenye daraja, mshahara na tarehe ya kuripoti. Na kabla ya kuikubali, uliza kama wanaweza kukuanzisha juu ya hatua ya kwanza ya mshahara kwa sababu ya uzoefu wako, uwapelekee vielelezo vya malipo yako ya sasa. Ombi hilo linapitishwa kabla hujaanza kazi tu. Siku ukishaketi kwenye kiti, hatua uliyopewa ndiyo hiyo.

Mjomba